Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jumuiya Yetu ya Wafanyabiashara: Hao "Wote" Mnaowasemea ni Akina Nani?

Juni 2025

Kwa Mwenyekiti, Katibu na Wajumbe wa Kamati Tendaji,
Jumuiya ya Wafanyabiashara wa Soko Letu.

YAH: MISIMAMO YA KODI NA UCHAGUZI INAYOTOLEWA BILA WANACHAMA KUULIZWA

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamooni mlionitangulia kwa umri, na wengine salamu zenu.

Mimi ni mwanachama hai, ada yangu imelipwa hadi Desemba. Nauza vyombo: masufuria, ndoo, mabeseni, chupa za chai. Barua hii ilianza kama barua ya kawaida. Niliifikisha kwa Katibu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikalala hapo. Nikasimama mkutanoni kuuliza, nikaambiwa jambo langu halimo kwenye ajenda. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, asubuhi nikakuta nimeondolewa. Kijana aliyeniondoa alinifuata dukani akaniomba radhi, akasema kaagizwa. Sina kinyongo naye. Ila sasa ndani hakuna pa kusemea tena, kwa hiyo nasema hadharani, na wateja wetu nao wasikie.

Wala sipingi kuwepo kwa jumuiya. Mei 2023, Kariakoo ilipofunga maduka na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukutana na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja, nchi nzima iliona sauti ya pamoja inavyofanya kazi. Kikosi kazi cha kodi kilichokuwa kikilalamikiwa kwa kamatakamata kikasimamishwa. Mfanyabiashara mmoja mmoja, hata awe na duka la ghorofa tano, asingeyapata hayo peke yake. Kwa sababu sauti hiyo ina nguvu kiasi hicho, nataka kujua inatumika kudai nini, na nani aliyeamua.

Hoja zangu ni hizi.

1. Tamko la kodi lililotolewa kwa jina letu

Bajeti ilisomwa bungeni Alhamisi ya tarehe 12 mwezi huu. Kabla hata wiki haijaisha, tamko lenu lilikuwa limeshasambaa: "wafanyabiashara wote wa soko hili" wanataka kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kipandishwe tena, ukaguzi wa mashine za EFD za kutolea risiti usitishwe, na habari ya kusajili stoo isisikike tena. La sivyo, maduka yatafungwa.

Ndugu Mwenyekiti, hao wote ni akina nani? Kiwango cha VAT kilipanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka kuanzia Julai 2023. Lilikuwa jambo jema, na aliyefaidika ni yule anayeuza kati ya milioni 100 na 200. Anayeomba kipande tena leo ni anayeuza zaidi ya hapo. Pita safu kwa safu uhesabu wangapi wanafika huko. Ukitoka zile fremu za barabarani zenye milango miwili, huku ndani hutampata mtu. Kuhusu stoo, mimi stoo yangu ni chini ya meza. Sijui ningeisajili kwa jina gani.

Kinachotuuma sisi wa ndani hakikutajwa hata kwa neno moja kwenye tamko lenu. Sisi tuko kwenye makadirio, yaani kodi inayokadiriwa kwa kutazama mauzo. Chukua mtu anayeuza milioni 40 kwa mwaka. Kwenye vyombo, sufuria ya shilingi 20,000 ukibaki na 2,000 umshukuru Mungu. Faida yake basi ni kama milioni 4, na humo ndani atoe pango, umeme, nauli ya kufuata mzigo Dar na posho ya kijana wa dukani. Makadirio hayaangalii hayo. Yanachukua asilimia 3.5 ya mauzo, yaani milioni 1.4. Bado ushuru wa huduma wa halmashauri, nao unatozwa juu ya mauzo hayohayo. Mwaka ukiwa mbaya, faida ikashuka hadi milioni 2, kodi haishuki nayo, kwa sababu haikuwahi kuitazama faida. Hapo ndipo penye kilio, na tamko lenu limepita kimya.

Wadogo zaidi ndio wamesahauliwa kabisa. Kwa mujibu wa sheria, anayeuza chini ya milioni 4 kwa mwaka hana kodi ya mapato. Anayeuza milioni 9 akiwa hana kumbukumbu anakadiriwa shilingi 250,000, lakini akiwa na kumbukumbu za mauzo analipa 150,000. Tofauti ya laki moja kwa daftari la shilingi elfu mbili! Akina mama wa khanga wa safu ya nyuma hawajawahi kuambiwa na jumuiya yao jambo hili. Ada zao mnakusanya.

2. Risiti

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini, na najua ndipo patakapowakera.

Mnataka ukaguzi wa mashine usitishwe kwa sababu, mnasema, unawanyanyasa wadogo. Ni kweli kuna maofisa wanaonyanyasa. Ila kila mwenye duka humu anajua swali analoulizwa akienda kwa muuza jumla: "Kwa risiti au bila risiti?" Bei ni mbili. Ukitaka risiti bei inapanda, na mara nyingi inapanda kiasi ambacho ukifika sokoni huwezi kuuza ukapata chochote. Ukichukua bila risiti, mzigo unaweza kushushwa kwenye basi njiani ukawekwa kando mpaka uonyeshe uliupata wapi. Na ukiufikisha salama, siku ya kukadiriwa huna karatasi ya kuonyesha ulinunua kiasi gani. Ofisa anatazama rafu zilivyojaa, anakisia mauzo, anaandika.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Nina risiti dukani kwangu, wino umeanza kufifia kama zinavyofifia zote za mashine. Nilinunua seti za masufuria na mabeseni kwa shilingi 850,000. Risiti imeandikwa "bidhaa mchanganyiko", shilingi 85,000. Nilipolalamika, muuzaji akacheka, akaniambia nishukuru hata hiyo nimepewa. Muuzaji huyo ni mjumbe wa Kamati Tendaji. Jina lake sitalitaja, yeye mwenyewe anajijua, na nyie mnamjua.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi inamwadhibu asiyetoa risiti na pia asiyedai risiti. Kwa hiyo muuza jumla akikataa kunipa risiti ya kweli, mwenye kosa mbele ya sheria ni wawili, na mmoja ni mimi. Yeye ana mwanasheria na mhasibu. Mimi nina daftari. Sasa anapotokea huyohuyo mbele ya vyombo vya habari kudai ukaguzi wa mashine usimame "kwa ajili ya kuwalinda wafanyabiashara wadogo", niseme nini? Ukaguzi ukisimama, atakayepumua ni yeye. Mimi nitaendelea kununua kwa risiti ya 85,000 na kukadiriwa kwa macho.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: VAT ya asilimia 18 ni kubwa, bei za bandarini haziko sawa kwa wote, na anayetoa risiti kamili anashindana na asiyetoa kabisa. Yote ni ya kweli. Basi yasemwe kwa majina yake! Muuza jumla akitaka kupigania kodi ya makontena, apiganie kama muuza jumla. Asijifunike khanga za mama wa safu ya nyuma.

3. Mgomo usioulizwa

Juni 2024 Kariakoo ilipogoma tena na mgomo ukasambaa mikoani, hapa kwetu vijana walipita wakigonga mabati: funga, funga. Hakukuwa na mkutano wala kura. Aliyechelewa kufunga aliitwa msaliti.

Sasa mnaahidi mgomo mwingine. Kabla ya kuahidi, je, mliwauliza wenye mikopo ya kausha damu? Marejesho yao ni ya kila siku, na yule kijana wa pikipiki anayekuja kukusanya jioni haulizi kama duka lilifunguliwa. Mwenye nyanya naye afanyeje? Nyanya hazisubiri kikao cha wizara na viongozi wa wafanyabiashara kiishe. Na wakati ule sisi tukiwa tumefunga, kuna waliokuwa wakiuza kwa simu na kupakia mizigo stoo usiku. Niliona Fuso likipakiwa. Sisemi la nani.

Mgomo ni haki, na wakati mwingine ndiyo lugha pekee inayosikika. Lakini hasara yake haigawanywi sawa, kwa hiyo uamuzi wake haufai kuwa wa watu tisa waliokaa kwenye kiyoyozi.

4. Mtia nia wa udiwani

Hili lingeweza kuwa la kwanza, nimelichelewesha makusudi ili nisionekane nimekuja kwa siasa.

Mmetangaza kwamba jumuiya "inamuunga mkono kwa kauli moja" mtia nia fulani wa udiwani wa kata yetu. Mkapita mkichangisha shilingi elfu tano kila fremu kwa ajili ya fomu yake. Asiyetoa jina lake likaandikwa kwenye karatasi tofauti. Karatasi hiyo ni ya kazi gani?

Katiba ya jumuiya yetu inasema jumuiya haitafungamana na chama chochote cha siasa. Tumesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya kama chama cha wafanyabiashara, na humu tuna wa vyama vyote na wasio na chama. Kila mtu ana kura yake Oktoba, na hiyo si mali ya kamati. Kama Mwenyekiti anampenda mtia nia huyo, amchangie kwa mfuko wake na ampigie debe jioni baada ya kufunga duka. Hakuna atakayemlaumu.

Udiwani si jambo dogo kwetu, ndiyo maana nasumbuka. Ushuru wa soko, tozo za vizimba, ada ya taka na choo, vyote hupita kwenye sheria ndogo za halmashauri, na wanaozipitisha ni madiwani. Mtu mnayemuunga mkono anamiliki vizimba vingi humu sokoni, kwa majina ya ndugu zake, na anavipangisha kwa bei mara kadhaa ya ile anayolipa halmashauri. Wapangaji wake wanajulikana. Je, kwenye Baraza la Madiwani atatetea tozo ishuke kwa nani: kwa aliyepanga au kwa anayepangisha? Kwenye tamko lenu la kumuunga mkono hakuna ahadi hata moja kuhusu ushuru. Mmempa jina letu bure.

Halafu fedha. Fomu ya udiwani haifiki kiasi kilichokusanywa kwenye safu yetu peke yake. Salio liko wapi?

5. Hesabu za jumuiya

Kwa kifupi: taarifa ya mapato na matumizi haijasomwa kwenye mkutano mkuu uliopita wala uliotangulia. Jumuiya inayoitaka serikali ieleze kodi zetu zinakwenda wapi ianze kwa kueleza ada zetu zinakwenda wapi.

Najua mtakayojibu, maana mengine nimeshayasikia kwenye baraza za maduka.

Mtasema muswada wa fedha hauwasubiri watu wapige kura, kwamba Juni mambo huenda mbio. Ni kweli bajeti husomwa Juni na sheria huanza kazi tarehe 1 Julai. Lakini hakuna mwaka ambao Juni ilikuja kwa kushtukiza. Wizara ya Fedha huanza kupokea mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla, na Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wadau juu ya muswada. Mkutano ukiitishwa Oktoba au Novemba, kila safu inaleta kero yake, mnaandika, mnapeleka. Tamko la siku tatu baada ya bajeti ni rahisi na linapendeza kwenye redio, ila maofisa wanaoandika sheria walishamaliza kazi.

Mtasema mlichaguliwa, kwa hiyo mna mamlaka ya kuamua. Mlichaguliwa kuendesha jumuiya. Kumchagulia mtu diwani hakukuwemo kwenye karatasi ya kura tuliyowapigia.

Mtasema wadogo hawaji kwenye mikutano. Mikutano mnaitisha Jumamosi saa tano asubuhi, kwenye ukumbi wa kulipia ulio mbali na soko. Jumamosi saa tano ndiyo saa ya mauzo. Itisheni Jumapili jioni palepale kwenye uwanja wa kushushia mizigo muone kama hatutajaa.

Na mtasema nimetumwa. Kila anayeuliza mapato na matumizi katika nchi hii huwa ametumwa. Nimetumwa na risiti ya shilingi 85,000.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Mkutano mkuu wa dharura uitishwe ndani ya siku thelathini, sokoni, kwa muda ambao watu wameshafunga. Mapato na matumizi yasomwe, pamoja na fedha zilizochangwa kwa ajili ya fomu. Zilizobaki zirudishwe kwa waliochanga, na ile karatasi ya majina ya wasiochanga ichanwe mbele yetu.

(b) Tamko la kumuunga mkono mtia nia lifutwe kwa maandishi. Badala yake, watia nia wote wa kata, wa vyama vyote, waalikwe wajibu maswali kuhusu ushuru wa soko, choo, taa za usiku na upangishaji wa vizimba. Majibu yao yabandikwe getini. Kila mtu asome, akapige kura yake.

(c) Kuanzia sasa, tamko lolote la kodi na uamuzi wowote wa kufunga maduka upitie kura ya siri ya wanachama, kizimba kimoja kinachofanya kazi kura moja. Mwenye vizimba kumi alivyopangisha asihesabiwe mara kumi, wapige wanaouza humo. Sanduku la mbao, karatasi za kukata kwa mkasi na asubuhi moja vinatosha. Matokeo yatangazwe kwa idadi: wangapi wametaka, wangapi wamekataa. Neno "wote" lisitumike tena kama halijahesabiwa.

(d) Wajumbe wa kamati wanaouza jumla watoe risiti za EFD za kiasi halisi kwa wanachama wenzao. Asiyeweza, kwa sababu yoyote ile, akae pembeni kwenye kamati. Kila mjumbe pia ataje vizimba anavyomiliki.

(e) Ajenda ya kodi ya jumuiya iandikwe upya ikianza na waliyo nayo walio wengi: makadirio yanayotoza mauzo bila kujali faida, ushuru wa huduma unaotozwa vilevile, na ile kanuni ya pingamizi. Hii ya mwisho niieleze, kwa sababu nimeona watu wakikubali madai wasiyostahili kwa kuiogopa. Ukikadiriwa kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kupinga, lakini pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kile usichobishia, kipi kikubwa. Aliyeandikiwa milioni 3 kimakosa atafute kwanza milioni moja ndipo asikilizwe. Kamishna anaweza kuipunguza au kuisamehe ukimwomba kwa maandishi ukitoa sababu, ila wangapi humu wanajua kuiandika barua hiyo? Jumuiya iajiri mhasibu mmoja hata kwa siku mbili kwa wiki, akae na meza yake sokoni. Hiyo ingekuwa ada iliyofanya kazi.

Siku thelathini zikipita bila mkutano kuitishwa, sisi wanachama ambao tumeanza kusaini safu kwa safu tutapeleka maombi yetu kwa Msajili wa Jumuiya, tukiambatisha katiba na nakala ya barua yangu ya kwanza yenye muhuri wenu. Hatutafunga duka la mtu wala kugonga mabati.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanachama, muuza vyombo, safu ya ndani.

Nakala:
Ofisa Biashara wa Halmashauri
Ofisa Mtendaji wa Kata
Ubao wa matangazo, geti la kushushia mizigo